Kusawazisha Pikapu na Kufunga Matairi Makubwa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ni yale yale yanayorudi kila mtu anapotaka pikapu yake isimame vizuri na matairi yajae kwenye madigadi. Mengi yana jibu fupi, machache yanahitaji maelezo. Kama una haraka, soma lile la "Lazima nisawazishe kwanza?" kabla hujanunua chochote, maana hapo ndipo pesa nyingi hupotea.

## Mambo ya mwanzo

Pikapu yangu imeinamisha pua. Ina hitilafu?

Haina. Imetoka kiwandani hivyo kwa makusudi. Pikapu ni gari la mzigo na mzigo unakaa nyuma, kwa hiyo ikiwa tupu nyuma huwa juu kuliko mbele kwa inchi 1 hadi 3 hivi, kutegemea aina. Ukipakia, nyuma inashuka na gari linakaa sawa, taa zinaangalia barabara na matairi ya mbele yanabaki na uzito wa kutosha kushika njia.

Kwa maneno mengine, ule mwinamo ni akiba ya mzigo. Ukiusawazisha, akiba umeshaitumia gari likiwa tupu. Si dhambi, ila ujue umetoa nini.

Kusawazisha na kuinua ni kitu kimoja?

Hapana. Kusawazisha ni kupandisha mbele peke yake mpaka ilingane na nyuma, au ibaki chini kidogo tu. Kuinua ni kupandisha mbele na nyuma kwa pamoja, na ukifika inchi 4 na kuendelea unaingia kwenye hosi za breki, pembe za propela shafti, amu mpya (mikono ya chuma inayoshika gurudumu kwenye chasisi) na mengine mengi. Hapa tunazungumzia kusawazisha.

Lazima nisawazishe kwanza ndipo matairi makubwa yaingie?

Wengi wanaamini hivyo. Si kweli, au tuseme ni kweli nusu.

Saspensheni ina mwisho wake wa kupanda. Gurudumu likiingia shimoni kwa kishindo, linapanda mpaka ile raba nene ya kikomo inagota kwenye chasisi. Spesa uliyoweka (kipande kigumu cha kupandishia mbele) inabadilisha mahali gari linaposimama likiwa limetulia. Mara nyingi haibadilishi mahali gurudumu linapofika likisukumwa juu kabisa. Kwa hiyo tairi linalogusa madigadi kabla ya kusawazisha litagusa hata baada ya kusawazisha, ila litagusa mara chache zaidi: halitagusa ukikata kona taratibu kwenye maegesho, litagusa ukiwa kasi kwenye tuta, wakati ambao hutaki kabisa liguse.

Kinachoamua kama tairi linaingia ni kipenyo chake, upana wake na ofseti ya rimu (rimu imekaa ndani au nje kiasi gani). Kimo cha gari kinakuja baadaye. Ndiyo maana nasema chagua tairi kwanza, pima kama linaingia, halafu ndipo uulize kama unahitaji spesa.

Nikisawazisha, gari litapita juu ya mawe makubwa zaidi?

Bampa na chasisi ya mbele vitapanda. Difu ya nyuma haitasogea hata milimita moja, kwa sababu imelala kwenye ekseli na ekseli imelala kwenye matairi. Kitu pekee kinachopandisha difu hiyo ni tairi lenye kipenyo kikubwa, nalo linaipandisha kwa nusu tu ya ongezeko. Kipenyo kikiongezeka milimita 28, difu inapanda 14.

## Njia za kusawazisha

Njia zipi zipo, na ipi nzuri?

Rahisi kuliko zote ni spesa inayokaa juu ya shokapu (shokomzoba, kwa wanaopenda jina refu), kati yake na chasisi. Springi haiguswi, hivyo gari linabaki laini kama mwanzo. Ubaya wake ni kwamba shokapu nzima imesukumwa chini. Gurudumu likining'inia, bol jointi (viungo vya amu na gurudumu) na sivi jointi (viungo vya shafti inayozungusha gurudumu) zinafika kwenye pembe ambazo kiwanda hakikuzipanga, na gurudumu likipanda sana shokapu inaweza kugota ndani yake yenyewe kabla raba ya kikomo haijafanya kazi.

Njia ya pili ni spesa inayobana springi, au shokapu yenye vikato vya kupandisha sahani ya springi. Pembe za mwisho hazibadiliki, lakini gari linakaa karibu zaidi na mwisho wa kushuka. Ukipita kwenye mashimo unasikia "tak" kila gurudumu linaposhuka.

Njia ya tatu ni kununua shokapu na springi ndefu zilizotengenezwa kwa kazi hiyo, pamoja na amu za juu zenye pembe zilizorekebishwa. Ni ghali, na ndiyo ninayoipenda kwa gari linalotoka nje ya lami. Kwa gari la mjini linalotaka kupendeza tu, spesa ndogo ya kiwango, iliyofungwa vizuri na kufuatiwa na alaimenti (kurekebisha pembe za magurudumu), inatosha kabisa.

Kuna na njia ambayo watu huisahau: kushusha nyuma. Pikapu nyingi zina tofali la chuma kati ya ekseli na springi za nyuma. Kuweka fupi kunasawazisha gari bila kugusa mbele. Kwa asiyebeba mzigo na asiyetaka matairi makubwa, ni njia tulivu kuliko zote.

Spesa ya inchi 1 inapandisha gari inchi 1?

Inategemea inakaa wapi. Kwenye magari mengi ambayo kila gurudumu la mbele linajitegemea, shokapu imefungwa katikati ya amu ya chini, si mwishoni kwenye gurudumu. Gurudumu linatembea zaidi kuliko shokapu. Spesa ya milimita 25 juu ya shokapu inaweza kupandisha mbele karibu milimita 50. Kwenye ekseli nzima yenye springi za koili, spesa ya 25 inapandisha karibu 25 hizo hizo.

Nunua kwa kusoma namba ya "inapandisha kiasi gani", usinunue kwa unene. Nimeona mtu ameweka spesa mbili, moja juu ya nyingine, kwa sababu alidhani ya kwanza ni nyembamba. Amu ya juu ikawa inagonga springi.

Fundi anasema tukaze tu tosheni baa, hakuna cha kununua. Ni sawa?

Kama pikapu yako ni ya zile zenye tosheni baa (fimbo ya chuma inayojipinda kama springi) mbele badala ya koili, ndiyo, inawezekana, na kwa inchi moja au moja na nusu ni sawa. Hesabu mizunguko ya boliti na uiandike ili kulia na kushoto zilingane, na pia ujue pa kurudi.

Baada ya kukaza, watu husema "springi imekuwa ngumu". Chuma ni kile kile na ugumu wake ni ule ule. Kilichobadilika ni kwamba amu imeshushwa mpaka karibu ya raba ya chini, hivyo gari halina nafasi ya kushusha gurudumu. Hapo ndipo unapopata ule mgongo wa punda. Ukiona pengo kati ya amu na raba ya chini halipitishi hata kidole, umezidisha.

Naweza kufunga mwenyewe?

Spesa za juu ya shokapu, kwa mtu mwenye jeki nzuri, stendi imara na spana zote, ndiyo. Kazi yoyote inayotaka kubana koili mpelekee fundi mwenye kifaa cha kubania springi. Koili iliyobanwa ikifyatuka haikupi nafasi ya kukwepa.

Jambo moja ambalo hata mafundi huliruka: nati za bushi za amu zikazwe gari likiwa limekalia matairi, si likining'inia kwenye jeki. Bushi ni raba iliyoshikwa pande mbili. Ukiikaza gurudumu likiwa limeshuka, gari likitua raba inabaki imejipinda muda wote, na baada ya miezi michache inachanika. Halafu lawama zinaenda kwa spesa.

Napimaje kabla na baada?

Usipime kutoka ardhini, kwa sababu tairi lililoisha au lenye upepo mdogo litakudanganya. Pima kutoka katikati ya gurudumu kwenda ukingo wa madigadi, juu yake moja kwa moja, kwenye sakafu iliyonyooka, magurudumu yote manne. Ukitoka kushusha gari kwenye jeki, liendeshe mbele na nyuma mita chache kwanza. Bila hivyo matairi yanabaki yamebanana kwa ndani na gari linaonekana refu kuliko lilivyo.

Na usishangae pande mbili zikitofautiana milimita chache. Tangi la mafuta na betri haviko katikati.

## Matairi na rimu

Namba za ubavuni zina maana gani?

Chukua 265/70R17. 265 ni upana kwa milimita. 70 ni kimo cha ubavu kama asilimia ya upana huo, yaani 185.5. R ni radial. 17 ni kipenyo cha rimu kwa inchi, sawa na milimita 431.8. Jumlisha ubavu mara mbili na rimu: 371 na 431.8, unapata 802.8, karibu inchi 31.6.

Sasa 285/70R17. Watu huona 70 imebaki 70 wakadhani kimo ni kile kile. Asilimia 70 ya 285 ni 199.5, hivyo kipenyo kinakuwa milimita 830.8, karibu inchi 32.7. Umeongeza upana na kimo kwa pamoja.

Ukubwa gani utaingia bila kukata kitu?

Hakuna namba moja kwa pikapu zote. Kwa ujumla hatua moja juu ya lile la kiwanda, kama hiyo ya 265 kwenda 285, huingia kwenye pikapu nyingi kwa kurekebisha plastiki ya ndani ya madigadi kidogo. Hatua mbili au zaidi, jiandae kukata plastiki, kukunja ukingo wa chuma ulio nyuma ya tairi, na kwenye baadhi ya magari kupunguza kona ya kishikio cha kebini kwenye chasisi na kuchomelea upya. Hiyo ya mwisho ni kazi ya mchomeleaji anayejua, si ya grainda na haraka.

Ofseti ya rimu inaingiaje hapa?

Ofseti inaeleza rimu imekaa ndani au nje kiasi gani. Ukitoka rimu ya +30 kwenda ya 0, kwa upana ule ule, gurudumu limetoka nje milimita 30. Linapendeza, lakini sasa ukikata usukani tairi halizunguki mahali pake. Linachora duara kubwa na kona yake inakwenda kugonga bampa mbele na kebini nyuma. Tairi ambalo lingeingia safi kwenye rimu ya kiwanda linagusa kwenye rimu iliyotoka nje. Uzito kwenye beringi nao unaongezeka, na usukani unavuta zaidi kwenye mitaro.

Ukitaka ushauri wangu, baki na ofseti iliyo karibu na ya kiwanda. Picha za matairi yaliyotokeza nje ya madigadi hazionyeshi ubavu wa gari ulivyojaa tope.

Nitajuaje kama yanagusa?

Pikapu yangu ya kwanza ilipita jaribio la barabarani vizuri kabisa. Wiki iliyofuata narudi kinyumenyume kwenye mteremko, usukani umekata wote, nikasikia "kshhh" fupi. Nilipochungulia, plastiki ilikuwa na upinde mweusi unaong'aa, kama umepigwa pasi. Nilikuwa nimejaribu kwenda mbele tu.

Jaribu hivi: kata usukani wote kulia, nenda mbele na nyuma, kata wote kushoto, rudia. Kisha pandisha gurudumu moja la mbele kwenye tuta ili saspensheni ibanwe, rudia tena. Paka chaki kwenye sehemu unazoshuku, tairi litakuonyesha lilipopita. Fundi makini huenda mbali zaidi: anaondoa springi, anapandisha gurudumu kwa jeki mpaka kikomo, na kuzungusha usukani mwanzo hadi mwisho. Likipita hapo, limepita kila mahali.

Tairi kubwa linabeba mzigo mkubwa zaidi?

Si lazima. Angalia namba ya mzigo baada ya ukubwa. 112 ni kilo 1,120 kwa tairi moja, 115 ni 1,215, 121 ni 1,450. Tairi kubwa la bei nafuu linaweza kuwa na namba ndogo kuliko lile la kiwanda. Usishuke chini ya ya kiwanda, iwe ni gari la kupendeza au la kazi. Herufi inayofuata ni mwendo wa juu: Q ni kilomita 160 kwa saa, R 170, S 180, T 190.

Niweke upepo kiasi gani?

Namba kubwa iliyoandikwa ubavuni ni ya mzigo wa juu kabisa, si ya kila siku. Ukitoka tairi la kawaida kwenda lenye LT (light truck, yaani la gari la mzigo) mbele ya ukubwa, kwa kawaida unahitaji upepo zaidi kubeba uzito ule ule, hivyo kibandiko cha mlangoni hakitoshi tena. Tumia jedwali la mtengenezaji wa tairi. Baada ya hapo chora mstari wa chaki kukatisha uso wa tairi, endesha moja kwa moja mita chache. Chaki ikifutika katikati tu, upepo ni mwingi. Ikifutika pembeni tu, ni kidogo.

## Baada ya kufunga

Alaimenti ni lazima hata gari likienda sawa?

Lazima. Mbele ikipanda, amu zinabadilisha pembe na kuvuta tairodi (vyuma vya usukani vinavyogeuza magurudumu), hivyo matairi yanaacha kuangalia mbele sawasawa. Unaweza usihisi chochote kwenye usukani huku ukingo wa ndani wa tairi unalika. Kasta nayo hupungua. Hiyo ndiyo inayofanya usukani urudi wenyewe baada ya kona. Gari likianza kutangatanga kwenye mwendo, shuku kasta kwanza. Ikiwa boliti za kiwanda zimefika mwisho na fundi bado hapati namba, umepandisha mno au unahitaji amu za juu za kurekebisha.

Baada ya kilomita 500 hivi, kagua ukazaji wa boliti zote zilizoguswa, nati za matairi zikiwemo.

Kwa nini wenye magari ya mbele wananiwashia taa?

Kwa sababu unawapofusha. Pikapu yenye mita 3.1 kati ya magurudumu ya mbele na nyuma, ukiipandisha mbele sentimita 5, mwanga wake umbali wa mita 50 unapanda sentimita 80 hivi, juu ya zile 5 ambazo taa yenyewe imepanda. Hapo ndipo macho ya dereva wa gari dogo yalipo.

Kabla ya kazi, simama mita 10 kutoka ukutani na upime mwanga unakatika sentimita ngapi chini ya kimo cha taa. Baada ya kazi, zungusha skrubu za taa mpaka upate tofauti ile ile.

Spidomita itadanganya?

Ndiyo. Kwa mfano wetu wa 265 kwenda 285, kipenyo kimeongezeka asilimia 3.5: spidomita ikisema 100, unakwenda 103.5. Spidomita nyingi za kiwanda husoma juu kidogo ya mwendo halisi, kwa hiyo hatua moja ya tairi mara nyingine huisogeza kwenye ukweli. Hatua mbili zinahitaji kurekebishwa kwa kompyuta. Kumbuka pia kilomita zinazohesabiwa zimepungua, hivyo hesabu yako ya mafuta itaonekana mbaya kuliko ilivyo.

Mafuta, nguvu na breki vitabadilikaje?

Vyote kwa upande mbaya. Tairi kubwa ni zito, na uzito huo uko mbali na kitovu, hivyo injini inahangaika kulizungusha na breki zinahangaika kulisimamisha. Giaboksi ya otomatiki itaanza kusita kati ya gia mbili milimani. Kwa hatua moja unazoea. Kwa hatua kubwa, dawa halisi ni kubadilisha gia za difu: zidisha uwiano wa sasa kwa kipenyo kipya, gawa kwa cha zamani. Gari la 3.73 likitoka milimita 802.8 kwenda 872.8 linataka kama 4.06, na ya karibu inayopatikana ni 4.10. Kwenye gari la magurudumu manne, difu zote mbili zibadilishwe pamoja.

Nasikia "ka-ka-ka" nikikata kona. Ni nini?

Kama ni kusugua, rudi kwenye jibu la kugusa. Kama ni mgongano wa chuma unaofuata mwendo wa gurudumu, tazama sivi jointi. Chungulia upande wa ndani wa rimu: mstari wa grisi nyeusi uliorushwa kwa duara maana yake mpira wa sivi umechanika kwa sababu ya pembe kali. Ukiuwahi unabadilisha mpira na grisi tu; ukiuchelewesha, mchanga unaingia na jointi nzima imekwenda.

## Hali za pembeni

Nabeba mzigo mara kwa mara. Nisawazishe?

Acha inchi moja ya mwinamo. Ukisawazisha kabisa, mzigo ukiingia pua inatazama juu, usukani unakuwa mwepesi na taa zinapanda tena. Mifuko ya upepo au jani la ziada kwenye springi za nyuma husaidia kimo, lakini havikupi ruhusa ya kupita uzito ulioandikwa kwenye gari.

Nikipandisha mbele ikazidi nyuma je?

Usifanye. Huoni kilicho karibu na bampa, na breki za mbele zinapoteza uzito. Huko Marekani mtindo huo ulienea mpaka North Carolina ikaupiga marufuku mwaka 2021 kwa tofauti ya inchi 4 au zaidi, na Virginia ikafuata mwaka 2022.

Naweza kubaki na spea ya zamani?

Kwa pancha ya kufika gereji, taratibu, na kwenye gurudumu lisilovutwa na injini. Usitie gari kwenye magurudumu manne ukiwa na kipenyo tofauti. Kwenye lami kavu mfumo unajifunga na kitu kitavunjika. Kabla ya kununua spea kubwa, pima kama inaingia chini ya bodi. Nyingi haziingii.

Gari langu lina kamera na rada za kusaidia dereva.

Zimewekwa kwa kimo na pembe ya kiwanda. Baada ya kusawazisha zinahitaji kupimwa upya kwa kifaa chake, sawa na alaimenti. Taa ya onyo isipowaka haimaanishi zinaona sawa.

Bima na ukaguzi?

Sheria za kimo, upana wa matairi na kutokeza nje ya madigadi hutofautiana nchi hadi nchi, hivyo uliza kabla ya kununua. Mjulishe wa bima kwa maandishi na utunze risiti za vifaa na karatasi ya alaimenti.

Nikichoka, naweza kurudisha?

Spesa, ndiyo, kwa nusu siku na alaimenti nyingine. Plastiki iliyokatwa hununuliwa mpya. Chuma kilichokunjwa au kuchomelewa hakirudi. Weka boliti, rimu na springi za kiwanda mahali pakavu, zikiwa na alama ya kulia na kushoto. Koili za pande mbili zinaweza kufanana kwa macho na zikatofautiana kwa kimo.